Mbele ya kusema «Ni yeye»



Katika gazeti letu hili tumezoea kuandika juu ya usafi, juu ya mitihani, juu ya wale wanaochelewa kuingia kanisani. Leo ninaomba nafasi kidogo ya kusema juu ya neno lingine: kumuhesabia mutu kosa mbele ya kulihakikisha. Siandiki sawa vile mutu anayefundisha wengine. Ninaandika sawa vile mutu aliyefanya kosa lenyewe.

Munakumbuka yale yaliyotokea katika interna muhula uliopita. Sitataja jina la mutu. Katika sanduku la kwaya kulikuwa franka 85.000, pesa ya safari yetu. Siku ya yenga, tulipotoka kwenye ibada, sanduku lilikuwa wazi na pesa haiko. Mwenzetu mumoja hakwenda kanisani asubuhi ile, alikuwa na malaria, alibaki kitandani. Tulipokuwa tungali tunatazama sanduku, sauti moja ikatoka nyuma: «Ni yeye! Njo yeye moja alibakiaka humu!» Mpaka leo sijui ni nani alisema vile. Lakini mbele ya chakula cha saa sita, interna nzima ilikuwa inasema vile.

Kisha tukaanza kukusanya. Mumoja akasema: «Na viatu vyake vipya, alivitosha wapi?» Mwingine akasema kwamba baba yake ni masikini. Mwingine akasema kwamba macho yake hayakutulia. Tulipomuuliza, kwanza alisema hakutoka kitandani hata kidogo. Baadaye akasema alitoka mara moja kuchota maji ya kunywa. Hapo tukapiga kelele: «Unaona? Anajigeuza!» Na mimi, kapita wa chumba, nilikamata kalamu, nikaandika jina lake juu ya karatasi, nikaipeleka kwa direkta wa nidhamu. Sikuandika «tunafikiri». Niliandika «mwizi».

Hakuna mukubwa aliyemufukuza. Lakini hakuna mutu aliyekula naye sahani moja tena. Alipoingia katika chumba, watu walikuwa wanafunga masanduku yao na kutazama juu. Kisha majuma mawili alifunga godoro lake na kurudi kwao. Muhula huu hakurudi.

Mutaniuliza: kumbe pesa ilionekana kwa mutu mwingine? Hapana. Pesa haikuonekana mpaka leo. Ni yeye aliyeiba? Sijui. Na nyinyi hamujui. Hili njo neno linalonisumbua. Kama pesa ingeonekana kwa mwingine, tungelia wote na kumuandikia barua ya kuomba musamaha, na mambo yangekwisha. Lakini sisi tulimufukuza mutu kwa neno ambalo hatulijui.

Mwezi uliopita, mwalimu wetu wa historia alinipa ekspoze juu ya Ufaransa mbele ya Mapinduzi ya 1789. Katika kuitayarisha nilikuta habari ya muzee mumoja wa Toulouse, muji wa kusini ya Ufaransa. Nilipoisoma nilifunga kitabu, kwa maana niliona interna yetu mule ndani. Ninawaelezea.

Muzee yule aliitwa Jean Calas. Alikuwa muchuuzi wa vitambaa, Muprotestanti. Wakati ule haikuwa jambo jepesi. Tangu mufalme Louis wa 14 alipofuta Amri ya Nantes katika mwaka wa 1685, Waprotestanti wa Ufaransa hawakuwa na ruhusa ya kuabudu wazi. Mutoto wake wa kwanza, Marc-Antoine, wa miaka 28, alisoma sheria, lakini hakuweza kuwa avoka, kwa sababu walidai hati ya kuonyesha kwamba yeye ni Mukatolika. Alikuwa mutu wa huzuni. Tarehe 13 mwezi wa 10, 1761, kisha chakula cha jioni, alishuka chini. Baadaye wakamukuta amekufa katika duka la baba yake.

Watu wakajaa mbele ya nyumba. Na hapo, katika giza, sauti moja ikalia kwamba baba amemunyonga mutoto wake juu ya kumuzuia asigeuke Mukatolika. Ni nani alisema? Hakuna aliyejua. Mukubwa wa muji aliyekuja kutazama maiti aliishika sauti ile sawa vile ushuhuda. Usiku ule ule akawafunga wote waliokuwa katika nyumba: baba, mama, mutoto mwingine Pierre, mugeni kijana aliyekuja kula nao, na mutumishi wao wa siku nyingi, mama Jeanne Viguière, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Mukatolika.

Sasa musikie neno hili. Watu wa nyumba ile walisema uongo. Kwanza walisema kwamba walimukuta kijana chini, ameuawa na mutu wasiyemujua. Kisha wakasema walimukuta ananing'inia. Juu ya nini walidanganya? Kwa sababu katika sheria ya siku zile, maiti ya mutu aliyejinyonga ilikokotwa katika njia za muji mbele ya watu wote. Baba alitaka kuficha haya ya mutoto wake. Lakini waamuzi walisema vilevile sisi tulivyosema: «Wanajigeuza!» Hawakujua kwamba mutu asiye na kosa anaweza kudanganya kwa sababu ya woga. Mimi pia sikujua. Sasa ninajiuliza: mwenzetu alisema hakutoka kitandani juu ya kuficha wizi, ao juu ya woga wa kuona watu sitini wamemuzunguka?

Kisha tangazo likasomwa katika makanisa yote ya muji, kwamba kila mutu anayejua neno, hata kama amelisikia tu kwa wengine, aje kulisema. Na tangazo lenyewe lilikuwa limeandikwa sawa vile mauaji yamekwisha kuhakikishwa. Watu wakaja wengi. Mumoja alisikia kwa mwenzake, mwenzake alisikia kwa jirani. Na marehemu akazikwa kwa heshima kubwa sawa vile shahidi wa imani, mbele baba yake hajahukumiwa. Kisha maziko ya namna ile, ni mwamuzi gani angeweza kusema kwamba baba hana kosa?

Tena kulikuwa desturi ya kuhesabu ushuhuda kwa vipande: huu ni nusu ya ushuhuda, ule ni robo. Wakaviunganisha vipande mpaka vionekane kuwa ushuhuda mumoja muzima. Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli kwa unga na kwa maharagi. Lakini uvumi kumi siyo ushuhuda mumoja. Uvumi kumi ni uvumi mumoja ambao umepita katika vinywa kumi.

Tarehe 9 mwezi wa 3, 1762, waamuzi 13 wakatoa hukumu, na 8 kati yao wakakata kwamba muzee afe. Siku iliyofuata wakamutesa kwanza ili aungame na kuwataja wenzake. Hakuungama. Wakamuvunja mifupa kwa chuma, wakamulaza juu ya gurudumu muda wa saa mbili, kisha wakamunyonga na kuchoma mwili wake. Mpaka mwisho alisema kwamba hana kosa. Alikuwa muzee wa miaka zaidi ya 60.

Na wale wengine? Pierre alifukuzwa katika inchi, wengine wakafunguliwa. Mufikiri kidogo. Usiku ule wote walikuwa pamoja. Kama muzee alimunyonga kijana mwenye nguvu wa miaka 28, hakuweza kulifanya peke yake. Kama wao hawakumusaidia, basi naye hakulifanya. Waamuzi wenyewe, kwa kuwafungua wale, walionyesha kwamba hawakuamini hukumu yao.

Mwandishi Voltaire, ambaye hakuwa Muprotestanti, alisikia habari hii. Yeye pia kwanza alikuwa na mashaka. Akauliza, akaandika barua, akawaita watu waliojua, mpaka akasadiki kwamba wameua mutu bure. Katika mwaka wa 1763 akatoa kitabu chake juu ya uvumilivu. Mwaka wa 1764 baraza la mufalme likavunja hukumu ya Toulouse, na tarehe 9 mwezi wa 3, 1765, miaka mitatu kamili kisha hukumu, waamuzi wa Paris wakatangaza kwamba Jean Calas hakuwa na kosa. Mufalme akaipa jamaa yake pesa 36.000 za wakati ule. Lakini muzee alikuwa amekwisha kuwa majivu. Waandishi wengi wa historia wanafikiri Marc-Antoine alijiua mwenyewe. Lakini yaliyotokea katika duka lile, hakuna aliyeyaona kwa macho.

Siwaelezei habari hii juu ya kusema kwamba Waprotestanti ni wazuri na Wakatolika ni wabaya. Mutumishi Mukatolika alifungwa pamoja nao na hakuwakana. Ninaieleza juu ya kuonyesha namna neno linavyotembea: sauti moja katika kundi, kisha vipande vya uvumi, kisha karatasi, kisha hukumu. Mbio yake haitegemei dini ya mutu. Katika Toulouse ilichukua miezi mitano. Kwetu ilichukua nusu ya siku.

Kisha mambo kama haya watu walijifunza. Katika mwaka wa 1789, Tangazo la haki za mutu katika Ufaransa, sehemu ya 9, liliandika kwamba kila mutu anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka atangazwe kuwa nalo. Katika mwaka wa 1948 mataifa yaliliweka katika sehemu ya 11 ya Tangazo la haki za mutu la dunia nzima. Na hapa kwetu Kongo, Katiba ya 2006, sehemu ya 17, inasema vilevile: mutu aliyeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ihakikishe kosa lake. Sehemu ile ile inakataza kumukamata mutu kwa kosa la mwingine. Sehemu ya 18 inasema kwamba polisi hawezi kumushika mutu katika kasho kupita saa 48: amufungue ao amupeleke kwa wenye kuhukumu. Tena sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inaweka azabu kwa mutu anayemushitaki mutoto kwamba ni muchawi.

Sheria ni nzuri. Lakini tunajua yale tunayoyaona. Mama mukongwe anafiwa na mujukuu wake, na mbele ya maziko jina lake limekwisha kupita katika kijiji. Katika miji yetu kijana analiliwa «mwizi! mwizi!» na watu wanaokuja mbio na mawe na mipira ya gari hawaulizi ameiba nini wala ameiba kwa nani. Na wale wanaofika gerezani wanaweza kungoja miaka mbele ya kuona mwamuzi. Gereza la Makala katika Kinshasa lilijengwa kwa watu 1.500. Katika mwaka wa 2024 lilikuwa na zaidi ya 10.000, na wengi kati yao walikuwa hawajahukumiwa bado. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa 9 wa mwaka ule, watu walijaribu kutoroka, na kwa hesabu ya serikali watu 129 hivi walikufa. Mungu anajua ni wangapi kati yao ambao sheria ilikuwa inawahesabu kuwa hawana kosa.

Ninasikia wenzangu wakisema: «Kumbe unatetea wezi! Tukifanya vile unavyosema, wezi watacheka.» Hili ni neno kubwa, lazima kulijibu. Ni kweli, kwa kufuata njia hii, mara ingine mwizi ataponyoka. Lakini muhesabu vizuri. Tukimuazibu mutu asiyeiba, ni makosa mawili mara moja: asiye na kosa anaumia, na mwizi mwenyewe anakaa salama, anakula pamoja nasi na kutusaidia kumuzomea mwingine. Hakuna mutu anayefurahia uzushi kupita mwizi wa kweli.

Wengine wanasema: «Hakuna moshi pasipo moto.» Sisi tunaokaa katika milima tunajua. Asubuhi ukungu unapanda juu ya kilima na mutu wa mbali anasema ni moshi. Anayetaka kujua lazima apande kilima.

Tena kumuhesabia mutu kwamba hana kosa siyo kusema tusitafute. Tutafute sana. Direkta wa nidhamu ana haki ya kuuliza, kufungua masanduku, kumuita mutu hata usiku. Polisi ana haki ya kukamata kama iko sababu. Maana ya sheria hii ni moja tu: muzigo wa kuhakikisha ni wa yule anayeshitaki. Sisi tulimutwika mwenzetu muzigo ule, tukamwambia: «Onyesha kwamba hukuiba.» Nani anaweza kuonyesha neno ambalo halikufanyika? Nyinyi munaosoma sasa, muonyeshe kwamba hamukuiba franka 85.000 siku ile. Mutaona namna ni vigumu.

Sisi wa masomo ya kanisa tungepaswa kujua haya mbele ya wengine. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 39, bibi wa Potifari alikuwa na vazi la Yosefu mukononi mwake. Vazi lilikuwa la kweli, wote waliliona. Lakini habari iliyofungwa juu ya vazi lile ilikuwa uongo, na Yosefu akatupwa gerezani. Viatu vipya vya mwenzetu vilikuwa vya kweli pia. Hakuna mumoja wetu aliyemuuliza kwa utulivu nani alimupa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, Musa anakataza kumuhukumu mutu kwa mushuhuda mumoja, na anawaamuru waamuzi wachunguze vizuri. Sisi hatukuwa na mushuhuda hata mumoja. Na katika Yoane, sura ya 7, Nikodemo aliwauliza wakubwa wenzake kama sheria yao inamuhukumu mutu mbele ya kumusikia. Alikuwa peke yake, nao wakamuchekelea. Siku ile katika interna hatukuwa na Nikodemo. Mimi, kapita, njo ningepaswa kuwa yeye.

Kwa hiyo ninaleta maombi mane mbele ya prefe wetu, mbele ya walimu, na mbele yenu wanafunzi.

La kwanza: jina la mwanafunzi lisiandikwe katika karatasi ya nidhamu, wala lisitajwe kwenye mustari asubuhi, mbele hajaambiwa shitaka lake na kusikilizwa kwa utulivu, na mutu mumoja wa kumusimamia, mwalimu ao mwanafunzi mukubwa.

La pili: anayeshitaki aseme yale aliyoona kwa macho yake, na ayatenge na yale aliyosikia. Makapita waandike hivi: «aliona» ao «alisikia». Nimejaribu kuandika upya karatasi yangu ya siku ile namna hii. Katika upande wa «aliona» kulibaki neno moja tu: alikuwa mugonjwa kitandani.

La tatu: chumba chote kisiazibiwe kwa kosa la mumoja asiyejulikana. Azabu ya wote inawafundisha watu kutafuta haraka mutu wa kumutoa ili wao wapone, na siku zote wanamutoa yule asiye na nguvu.

La ine: kama neno halikuhakikishwa, litangazwe mahali pale pale lilipotangaziwa. Mutu asizomewe mbele ya wote, kisha asafishwe katika ofisi pembeni.

Na juu ya sanduku la kwaya: tuweke funguo mbili kwa watu wawili. Hii itatusaidia kupita kelele zetu zote.

Ninajua kwamba direkta wa nidhamu ana kazi nzito, watoto wengi na wasaidizi wachache. Masomo siyo tribinali. Lakini kati yetu watatoka mapolisi, waamuzi, mapasta, machefu wa kijiji, mama na baba wa nyumba. Yale tunayozoea hapa, tutayapeleka kule. Yule anayejifunza katika interna kuuliza mbele ya kusema «ni yeye», kesho hatabeba mupira wa gari kwenda kumuchoma mutu.

Mimi nimemuandikia mwenzetu barua. Sikumwambia kwamba hana kosa, kwa maana silijui. Nilimwambia kwamba mimi niliandika neno ambalo silijui, na kwamba nimeomba karatasi ile itolewe katika kitabu cha nidhamu. Mpaka leo hajajibu. Kama kuna mutu anayekwenda upande wa kwao wakati wa likizo, ninamuomba anione. Kitabu chake cha jiometria kiko kwangu.

Ni mimi mwenzenu,
kapita wa zamani wa chumba cha 3, mwaka wa sita